Mdogo Wangu, Kabla Hujashusha Kisu

Wadogo zangu wa Voi, Mwatate, Taveta na kule juu Wundanyi, kona ya leo ni yenu mliofungua saiba na vibanda vya fotokopi karibu na steji, mnaofanya kazi kwenye ofisi za shule, na mliokabidhiwa na kanisa au chama kazi ya kuandaa programu na kadi. Tunazungumza juu ya mashine ya kukatia karatasi, ile ambayo wengi huiita gilotini.

Nimeichagua mada hii kwa sababu kazi nyingi nzuri huharibikia hatua ya mwisho. Mtu amepanga maneno vizuri, picha imetoka safi, rangi imekolea, halafu kadi zinakatwa kila moja na upana wake. Mteja akizipokea atazishika kumi kwa pamoja na kuzigonga mezani. Akiona kingo zimetokeza meno kama msumeno, ameshaamua kama atarudi kwako au atapanda matatu apeleke kazi Mombasa. Na sioni kwa nini kadi ya harusi ya Mgange au vitabu vya risiti vya duka la Taveta visafiri hadi Mombasa, wakati wewe uko hapa na una mashine.

Jambo ninalotaka ulishike ni moja: usahihi wa mkato huamuliwa kabla kisu hakijashuka. Unatokana na mashine inayoendana na kazi yako, pembe uliyoihakikisha, na rundo lililobanwa likatulia. Nguvu za mkono huja mwisho, na mashine nzuri hazihitaji nyingi.

Jua kwanza unakata nini

Usinunue mashine kwa sababu jirani anayo. Chukua daftari uandike kazi zinazokujia mwezi mzima. Kama ni picha za pasipoti, vyeti, na karatasi moja mbili za A4, kazi yako ni ya karatasi chache zinazotaka ukingo safi. Kama ni mitihani ya shule, vitabu vya risiti, tikiti za harambee na programu za mazishi, kazi yako ni ya marundo.

Kwa karatasi chache kuna aina mbili. Ya kwanza ni ile ya gurudumu, ambayo wembe wa duara huteleza juu ya reli. Hii hukata karatasi chache sana kwa mara moja, lakini ukingo wake ni safi mno na vidole vyako viko mbali na wembe. Kwa picha na kadi zilizolaminetiwa, ndiyo ningekuchagulia. Ya pili ni ile ya mkono mrefu, unaouinua na kuushusha kandokando ya ubao. Nyingi za aina hii zinakata karatasi 10 hivi za gramu 80. Ukija kwenye kadi nene ya gramu 300, hesabu 2 au 3, usizidishe.

Kwa marundo unahitaji mashine ya rundo, yenye kisu kizito kinachoshuka wima na kibano kinachofungwa kwa gurudumu au wenzo. Karatasi moja ya gramu 80 ina unene wa karibu sehemu 1 ya 10 ya milimita, kwa hiyo rimu nzima ya karatasi 500 ina unene wa kama sentimita 5. Muuzaji akikuambia mashine yake inakata sentimita 4, anamaanisha karatasi 400 hivi, kwa hiyo rimu utaigawa mara mbili. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe, usitegemee picha iliyo kwenye boksi.

Halafu angalia urefu wa mkato. A4 ni milimita 210 kwa 297, na A3 ni 297 kwa 420. Ukinunua mashine yenye mkato wa milimita 320, utaikata A4 upande wowote, na A3 utaigawa katikati kwa sababu mkato huo una urefu wa 297. Lakini ukitaka kupunguza ukingo mrefu wa A3, ule wa 420, mashine hiyo itakukwamisha. Mwenye kuchapa mabango na kalenda za ukutani alifikirie hilo kabla hajatoa pesa.

Usilipe kabla hujaijaribu

Sisi wa Voi tuna bahati ya njia. Barabara kuu ya Mombasa na Nairobi inapita hapa, na treni ya abiria inasimama. Unaweza kwenda Mombasa ukarudi siku hiyo hiyo, au ukafika River Road, Nairobi, ambako wachapaji wamejaa. Kwa hiyo usikubali kutumiwa mashine ya mtumba uliyoiona kwenye simu tu. Nenda, na ubebe karatasi zako, skwea ya fundi seremala na rula ya chuma.

Ukifika, fanya jaribio hili mbele ya muuzaji. Chukua karatasi mbili, zipange pamoja, zisukume hadi ukingo wa kando wa mashine na kizuizi cha nyuma, kile kinachoweka kipimo cha mkato, kisha zikate kwa mara moja. Sasa moja ibaki ilivyo, nyingine igeuze uso uwe chini, na uziweke juu ya meza kingo zilizokatwa zikitazamana, huku kingo zile zilizogusa ukingo wa kando zikiegemea rula moja. Kama kingo zilizokatwa zinagusana kuanzia mwanzo hadi mwisho, mashine inakata mraba. Kama zinaacha pengo lenye umbo la kabari, kosa la mashine ni nusu ya pengo hilo. Uzuri wa jaribio hili ni kwamba linalikuza kosa mara mbili, hata jicho lisilozoea linaliona.

Pengo likionekana, usikimbie bado. Uliza kama kizuizi cha nyuma au ukingo wa kando una skrubu za kurekebishia. Mashine nyingi za rundo zinazo, na ni kazi ya dakika chache kuzilegeza, kuweka skwea kati ya ukingo na mstari wa kisu, na kuzikaza tena. Isiporekebishika, iache. Bei rahisi haitanyoosha ukingo uliopinda.

Kisha kata rundo la karatasi kadri mashine ilivyoandikiwa, na upime ya juu kabisa na ya chini kabisa. Zikitofautiana, tatizo liko kwenye kibano au kwenye kisu. Tikisa kizuizi cha nyuma kwa mkono kikiwa kimefungwa, hakipaswi kucheza. Uliza pia kama visu vya akiba na vifito vya plastiki vya kulala chini ya kisu vinapatikana. Mashine isiyo na vipuri nchini ni chuma cha kuuziwa mtu wa vyuma chakavu.

Pembe ya kuanzia

Sasa mashine iko dukani. Iweke juu ya meza nzito isiyoyumba, penye mwanga, pasipo njia ya watoto wala wateja.

Kabla ya kukata kazi yoyote iliyochapwa, jua ni kingo zipi mbili za karatasi zilizoongoza kazi ndani ya printa. Hizo ndizo kingo zako za kuegemeza. Printa na mashine za fotokopi husogeza maandishi kidogo kutoka karatasi moja hadi nyingine, na karatasi yenyewe kutoka kiwandani haina uhakika wa kuwa mraba kwa ukamilifu. Ukiegemeza rundo mara kwa ukingo huu, mara kwa ule wa upande wa pili, makosa yote hayo yanaingia kwenye kadi zako. Kwa hiyo chagua pembe moja, ichoree alama ya penseli ubavuni mwa rundo, na uihesabu kuwa pembe ya kuanzia hadi kazi iishe.

Lipange rundo vizuri. Lishike, lipepee ili hewa iingie karatasi ziachane, kisha ligonge mezani kwa ukingo wa kwanza na wa pili mpaka zote zilale sawa. Likamue hewa kwa kiganja. Weka kipande cha kadibodi chini yake, ili karatasi ya mwisho ikatike kikamilifu, na kingine juu, ili kibano kisiache alama kwenye kazi. Lisukume hadi kizuizi cha nyuma na ukingo wa kando, funga kibano, ndipo ushushe kisu kwa mwendo mmoja usiokatika.

Kwenye mashine ya mkono mrefu, kumbuka kwamba kisu kinaposhuka huivuta karatasi na kutaka kuizungusha. Ndiyo maana mikato mingi hupinda mwishoni. Bana karatasi kwa ule mwamba wa kubania kwa nguvu sawasawa, mkono uwe mbali na kisu, na upunguze idadi ya karatasi. Kukata karatasi 20 kwa awamu mbili kunachukua muda mchache kuliko kuzichapa upya.

Nikupe mfano wa A5, kwa sababu ndio unaowasumbua wengi. Mfumo huu wa karatasi za A ulianza Ujerumani mwaka 1922, na mwaka 1975 ukawa kipimo cha kimataifa. Kila ukubwa unapatikana kwa kukunja ule uliotangulia katikati. Lakini nusu ya 297 ni 148.5, na A5 imepunguzwa ikawa 148. Kwa hiyo ukiweka kizuizi kwenye 148 na kukata A4 mara moja, utapata nusu moja ya 148 na nyingine ya 149. Ukizichanganya kwenye kitabu cha risiti, kingo hazitalingana na utailaumu mashine bure. Kata kwa 148, kisha rundo lililobaki lirudishe kwenye kizuizi kile kile, bila kukigusa, ulipunguze hiyo milimita moja. Sasa nusu zote ni sawa.

Kanuni hiyo itumie kila mahali: vipande vinavyotakiwa kulingana vikatwe kwa kizuizi kimoja kisichosogezwa. Usikate rundo la kwanza, ubadilishe kipimo, kisha urudi kulitafuta lile la kwanza kwa macho.

Kwa kadi za biashara, panga kazi ukiwa bado kwenye kompyuta. Kadi ya milimita 90 kwa 50 ikiongezewa rangi ya milimita 3 kila upande inakuwa 96 kwa 56. Kwenye A4 unapata safu 2 za kadi 5, jumla kadi 10, na bado kingo zinabaki. Kati ya kadi na kadi kuna milimita 6 za kutupa, kwa hiyo kila pengo hukatwa mara mbili. Mwenye haraka hukata mara moja katikati, na hapo kadi ya mteja hubaki na rangi ya ziada ukingoni. Usimfanyie mtu hivyo.

Ukimaliza kazi yoyote yenye pembe nne, pima kona kwa kona pande zote mbili. Vipimo viwili vikilingana, na pande zinazotazamana nazo zikilingana, pembe zako ni sawa. Kwa A4 kamili utapata karibu milimita 364.

Programu ya mazishi

Niseme na hili, maana ndiyo kazi inayokuja usiku na inatakiwa asubuhi. Familia imekupa picha na historia ya marehemu wao. Kile kijitabu kitahifadhiwa kwenye kabati miaka mingi. Kikate kwa heshima.

Karatasi zikikunjwa na kupachikwa moja ndani ya nyingine, za katikati husukumwa nje. Karatasi 10 za gramu 80 zinaweza kutokeza karibu milimita 1 kuliko jalada. Kwa hiyo kunja kwanza, piga stepla kwenye mkunjo, ndipo ukate ukingo wa mbele wa kijitabu kizima. Juu na chini kata baadaye kama inahitajika. Na ukiwa unapanga kurasa, usiyasogeze maneno wala sura ya mtu hadi ukingoni, acha nafasi ya kutosha. Hakikisha kabisa pini za stepla haziko kwenye njia ya kisu. Pini moja huacha pengo kwenye makali, na kuanzia hapo kila mkato utakuwa na mchirizi.

Vumbi la Voi, ukungu wa Wundanyi

Kaunti yetu ina hali mbili za hewa, na karatasi inazijua zote. Voi iko kama mita 600 juu ya usawa wa bahari, penye joto na ukavu. Wundanyi iko zaidi ya mita 1,300, na vilima vya Taita huvikwa ukungu asubuhi. Karatasi hunywa unyevu ikavimba na kufanya mawimbi, na ikikauka husinyaa na kujikunja kona. Ukibeba rimu iliyofunguliwa kutoka Voi ukapanda nayo mlima na kuikata hapo hapo, usishangae kesho vipimo vikibadilika.

Dawa yake ni subira. Acha rimu ndani ya karatasi yake ya kufungia, ndani ya chumba utakachokatia, usiku mmoja. Fungua kiasi utakachotumia tu. Karatasi iliyotoka sasa hivi kwenye printa ya leza ina moto na imekauka, iache ipoe na ilale bapa kabla ya kukata. Usihifadhi rimu zikigusa sakafu ya saruji wala ukuta wenye unyevu.

Na lile vumbi jekundu letu, ambalo limewapa hata ndovu wa Tsavo rangi yao, ni chembe ngumu. Likikaa kwenye reli na kwenye kisu linasaga taratibu. Funika mashine kila jioni, na kila asubuhi pangusa kitanda chake kwa kitambaa kikavu. Mafuta tia kidogo pale panaposuguana chuma kwa chuma, na ukate karatasi chafu kadhaa kabla ya kazi ya mteja ili mabaki ya mafuta yaishe.

Kisu na ufito

Kisu kikichoka kinakuambia. Ukingo wa karatasi unakuwa na manyoya, karatasi zinashikana kwenye mkato, mkono unahitaji nguvu zaidi, na rundo linaanza kusogea. Usiongeze nguvu. Angalia kwanza ufito wa plastiki ulio chini ya kisu, maana mara nyingi kosa ni lake. Ukishachimbika mfereji, karatasi za chini hazikatiki. Ule wa umbo la mraba una nyuso 4, na ukigeuza pia miisho yake unapata sehemu 8 mpya za kutumia kabla ya kununua mwingine.

Ufito ukiwa mzima na tatizo lipo, kisu kinolewe. Kisu cha rundo kinanolewa kwenye mashine maalumu yenye kupoza chuma kwa maji, ili makali yawe na pembe moja toka mwanzo hadi mwisho. Fundi wa kunolea mapanga, hata awe hodari kiasi gani, ataunguza makali na kuacha mawimbi. Nunua visu viwili, kimoja kikienda kunolewa kingine kifanye kazi. Kwa karatasi za kung'aa zinazokataa kukatika vizuri, pitisha kipande kikavu cha sabuni ya mche au mshumaa ubavuni mwa kisu, ukiwa makini sana. Wachapaji wengi hufanya hivyo.

Vidole vyako

Hapa nakusemesha kama dada anayekupenda. Usikate ukiwa na usingizi. Usikate ukiongea na simu. Usimruhusu mtoto wa mteja auguse mkono wa mashine. Kinga ya plastiki iliyo mbele ya kisu isitolewe kwa kisingizio kwamba inachelewesha kazi, na zile mashine za umeme zinazotaka mikono yote miwili kwenye vitufe zisichezewe ili mkono mmoja ubaki huru. Kwenye mashine ya mkono mrefu, kila ukimaliza shusha kisu na ukifunge. Kisu kilichotolewa kibebwe ndani ya boksi lake au kati ya mbao mbili zilizofungwa kwa skrubu, kamwe kisibebwe kwenye gazeti.

Kama umeajiri hata kijana mmoja, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inakutaka uzikinge sehemu hatari za mashine, na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo inakutaka umkatie bima. Kama wewe ndiye uliyeajiriwa, na umeambiwa ukate bila kinga, una haki ya kukataa.

Neno la mwisho

Kazi zipo. Wanaosuka vikapu Kasigau wanahitaji lebo. Wauza vito wa Voi wanahitaji kadi ndogo za kuwekea mawe yao. Shule zinahitaji mitihani kila muhula. Ofisi za kaunti zilizo Mwatate na Wundanyi zinahitaji fomu, na mpango wa AGPO unatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Lakini hakuna afisa atakayepokea vitabu 200 vya risiti visivyolingana kingo, na hakuna mama atakayeweka lebo iliyokwenda upande kwenye kikapu alichokisuka wiki nzima.

Basi leo hii, kabla hujampokea mteja mwingine, chukua karatasi mbili ufanye lile jaribio la kugeuza. Kama mashine yako haikati mraba, irekebishe leo, na usimtoze mtu hata shilingi kwa mkato uliopinda.